Tupeane uzoefu: kijana anauchukia mwili wake mpaka chakula kinamshinda, mnaanzia wapi?

BintiMuuguzi
Wadau, uzi huu ni wa wanaowahudumia vijana hawa: wauguzi, walimu, wazazi. Huanza na neno dogo, "umekuwa kibonge siku hizi". Kinafuata kioo, kujibana nyama za kiuno, kupanda mizani kila saa. Mwisho sahani. Mnatambuaje mapema?

MamaLishe_Tanga
Tazama mkono wake mezani, kilo ziache. Tonge analimega vipande vya punje, analizungusha kwenye mchuzi mpaka linapoa. Kila jioni "nimeshakula shule". Akimaliza tu, msalani, na bomba linafunguliwa. Hedhi imekata, anavaa sweta Februari. Na wenye mwili wa kawaida wamo: anayekula kwa pupa kisha akajitapisha mara nyingi hakondi, ndiyo maana hufichika miaka.

Tiba ya nyumbani ni ratiba. Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, zisipite saa nne tumbo likiwa tupu. Uji na yai saa moja asubuhi, kiazi saa nne, wali maharage saa saba, ndizi na maziwa saa kumi, chakula cha usiku saa moja. Anayeshinda njaa, usiku mwili unadai chake. Anafakamia, anajilaumu, kesho anajinyima tena. Kamba hiyo hukatwa kwa kula asubuhi, hata kama usiku alifakamia. Mzazi apakue mwenyewe, ale naye, kisha wakae pamoja kama saa moja: karata, kusukana, chochote. Habari za unene zisitajwe pale, hata za jirani.

Zamu_ya_Usiku
Dada hapo juu kasema vizuri, ila naomba tahadhari. Aliyekonda sana au aliyekaa siku tano na zaidi karibu bila kula, msimshindilie chakula. Wanga ukiingia ghafla, insulini, homoni ya sukari, inasukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi ndani ya seli, damuni zinashuka, moyo unaweza kusimama. Huyo ni wa hospitali: vipimo vya damu, kipimo cha umeme wa moyo, vitamini B1, chakula kidogo kidogo. Vilevile anayezimia, au kijana ambaye mapigo yake ni chini ya 50 kwa dakika akiwa macho.

Sanamaki, yale majani ya kuharisha, na chai za kukondesha ziondoeni kabatini. Zinafanya kazi utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na potasiamu. Akitapika, asukutue kwa maji tu. Mswaki usubiri nusu saa au zaidi, maana asidi imelainisha meno.

Mwl_Mstaafu
Tusiseme anadeka. Mwaka 1944 hadi 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Wakawa wanawaza chakula mchana kutwa, wanakusanya mapishi, wanajitenga. Njaa yenyewe huvuruga akili, kwa hiyo mazungumzo kuhusu kioo huingia vizuri zaidi mwili ukishashiba.

UmmuSalma
Na Ramadhani je? Binti anataka kufunga, nyumbani wanaona ni ibada.

Zamu_ya_Usiku
Mgonjwa ana ruhusa, mama. Kwake saumu ni pazia la kutokula. Mpeleke kwa daktari Shaabani, naye sheikhe aelezwe mapema, ili binti asikie neno moja kutoka kwa wote wawili.