Naombeni ushauri: miaka mitatu naandika injini ya sataranji, sasa kuna mtu anataka kuinunua

Farasi wa Chimwaga (mtoa mada)
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 27, nimesoma sayansi ya kompyuta UDOM, nimepanga chumba Ng'ong'ona. Riziki yangu ni kutengeneza kompyuta za wanafunzi, elfu tano hapa, elfu kumi pale. Usiku naandika injini ya sataranji kwa lugha ya programu ya C++. Kwa asiyeijua, injini ni programu isiyo na ubao wala picha. Unaipa hali ya mchezo, inafikiri, inakurudishia hatua moja. Ubao unaouona kwenye kioo ni programu nyingine, na hizo mbili zinaongea kwa lugha iitwayo UCI.

Kazi hii naipenda kupita kiasi. Nilikaa wiki tatu natafuta kosa moja tu. Ukihesabu hatua zote halali kuanzia ubao wa mwanzo unapata 20, kisha 400, kisha 8,902, kisha 197,281, na hatua ya tano lazima zifike 4,865,609. Yangu ilikuwa sahihi hadi ya nne, ya tano ikapunguka. Kumbe ile hatua ya askari kumla askari mwenzake kwa kumpita (en passant) nilikuwa siiorodheshi sawasawa. Siku namba ilipokaa nilitoka nje saa tisa za usiku nikakaa barazani peke yangu, nina furaha ambayo sikuwa na wa kumwambia.

Sasa mambo mawili. Mjomba aliyenisomesha anafanya biashara ya mahindi Kibaigwa. Kila nafasi za kazi Serikalini zikitangazwa ananipigia. Juzi ameniuliza, "Mjomba, hiyo sataranji yako inalipa lini?" Sikuwa na jibu. Pili, kuna mtu ana kituo cha kufundisha sataranji, anataka injini yangu kwa milioni tatu na nusu, aipe jina lake, na msimbo nisimwonyeshe mtu mwingine yeyote. Nichukue iwe mwanzo wa kazi yangu ya maisha, au nimsikilize mjomba?

Zabibu Kavu
Chukua hela mkuu. Ofa haziji mara mbili.

Mama Wawili Nkuhungu
Mwanangu, omba hizo nafasi zote. Kuajiriwa kwenye ofisi za Serikali Mtumba hakukuzuii kuandika vitu vyako usiku. Kinachokuzuia ni kodi ya chumba kukukuta mfukoni mtupu.

Fundi wa Usiku
Mdogo wangu, nimewahi kuandika injini, ndogo kuliko yako, kwa hiyo nitakuambia ninachokijua.

Soko la kuuza injini limekauka. Zamani lilikuwepo, watu walinunua Rybka, Houdini, Komodo. Leo Stockfish, yenye nguvu kuliko karibu zote, inatolewa bure na msimbo wake uko wazi tangu 2008. Mwaka 2020 waliipa mtandao wa neva wa NNUE, yaani namba zilizofunzwa kukadiria nani anaongoza, mbinu iliyobuniwa Japani na Yu Nasu kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani, ikazidi kuwaacha wenzake. Huwezi kumuuzia mtu maji akiwa amesimama mtoni.

Tena angalia walioijenga fani yenyewe walikula wapi. Ken Thompson aliyejenga Belle, mashine ya kucheza sataranji, alikuwa ameajiriwa maabara ya Bell Labs, na ndiye mmoja wa waliotengeneza mfumo endeshi wa Unix. Robert Hyatt aliyeandika injini ya Crafty alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu Marekani. Walioishi kwa injini peke yake ni wachache mno. Hilo halishushi thamani ya unachofanya, linakuonyesha tu mshahara unatoka upande gani.

Nina maswali mawili. Unapimaje toleo jipya? Na je, kila mstari humo ndani umeuandika mwenyewe?

Farasi wa Chimwaga
Asante kaka. Kupima, nalichezesha toleo jipya na la zamani michezo 200. La mwisho lilipata pointi 112, nikahesabu nimepanda Elo 40 na kitu, zile alama za kupimia nguvu ya mchezaji.

La pili nitasema kweli. Utafutaji wa hatua ni wangu wote: alfa-beta ya kuruka hatua zisizo na maana kuzichunguza, jedwali la kukumbuka hali zilizokwishapita, kila kitu. Ila kupima nani anaongoza kulinishinda. Nilichukua mtandao wa Stockfish pamoja na faili zinazousoma, nikabadilisha majina ya vigezo. Mnunuzi sijamwambia.

Fundi wa Usiku
Usisaini chochote. Nakusihi.

Stockfish iko chini ya leseni ya GPL. Kuiuza unaruhusiwa, wengi hawalijui hilo. Usichoruhusiwa ni kumpa mtu programu huku ukimnyima msimbo, au kumfunga asiwape wengine. Akiwagawia wanafunzi wake injini hiyo kwa jina lake huku msimbo ukiwa siri, mnagongana na leseni hiyo uso kwa uso. Mwaka 2021 watu wa Stockfish waliishtaki kampuni ya ChessBase huko Ujerumani kwa sababu ya injini yake ya Fat Fritz 2, iliyojengwa juu ya Stockfish, na mwaka uliofuata kesi ikaisha kwa makubaliano. Kampuni ilikubali kusimamisha kwa mwaka mzima uuzaji wa bidhaa zenye msimbo wa Stockfish. Kabla ya hapo, 2011, chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, ICGA, kiliivua Rybka mataji ya dunia ya 2007 hadi 2010 kwa madai ya kunakili. Rybka ilikuwa imewashinda wote, lakini leo watu wakiitaja wanaanza na hilo.

Na kubadilisha majina ya vigezo, kaka, hapo ndipo pameniuma. Kuchukua msimbo huria si kosa, umewekwa uchukuliwe. Kuuficha ulikotoka ndiko kosa. Rudisha majina, andika ulipoutoa.

Kuhusu michezo 200: pointi 112 ni asilimia 56, sawa na Elo 42 hivi. Lakini kwa michezo michache namna hiyo kosa la kipimo nalo linakaribia 40 juu au chini. Huenda hujapanda kabisa. Stockfish wana mfumo wa Fishtest tangu 2013, watu wanajitolea kompyuta zao, badiliko la mstari mmoja linachezwa maelfu kwa maelfu ya michezo kabla ya kukubaliwa. Kujiunga ni bure. Peleka wazo lako moja pale, likikataliwa utajifunza, likipita jina lako linabaki kwenye historia ya msimbo na kila mtu anaweza kulisoma.

Zabibu Kavu
Nafuta ushauri wangu wa juu. Sikujua kuna la leseni.

Mwana wa Bahi
Mimi nasaili vijana wa mifumo, niko kwenye taasisi ya fedha, siitaji. Wasifu mia zinaandika "najua C++". Kijana akiniambia alitafuta wiki tatu kwa nini 4,865,609 haikai, huyo namkalisha saa nzima. Mfumo wa malipo una tatizo lilelile: jibu liwe sahihi, lije upesi, na uweze kuthibitisha kwamba badiliko la jana halijaharibu kitu. Nikigundua amebadilisha majina kuficha msimbo wa watu, namsindikiza mlangoni. Nakuandikia hivi kwa sababu bado hujachelewa.

Farasi wa Chimwaga
Nimesoma yote mara mbili. Leo asubuhi nimemwandikia mnunuzi ukweli, kwamba sehemu fulani si yangu, na kwamba akitaka atapata injini pamoja na msimbo wake kwa masharti ya GPL, bila siri. Hajajibu, na nadhani hatajibu. Milioni tatu na nusu inauma, sitadanganya.

Majina ya vigezo nimeyarudisha. Nitafundisha mtandao wangu mdogo, hata ukiwa dhaifu. Maombi ya afisa TEHAMA nayatuma kabla ya Ijumaa. Kilichobaki ni mjomba. Nitamwelezaje mtu wa mahindi kwamba miaka mitatu haikupotea?

Mizani ya Kibaigwa
Mpwa wa mwenzetu, mimi ni wa soko hilohilo. Usimwelezee kwenye simu. Njoo Jumapili. Mwambie ulikuwa unachoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, gunia moja na kutangaza mzigo mzima ni mkavu, na sasa umejua kuchoma magunia yote. Halafu mwambie uliona mzigo umechanganyika na wa mtu mwingine ukakataa kuuuza kama wako. Hayo anayafanya kila siku, atakuelewa kabla hujamaliza.

Farasi wa Chimwaga
Shikamoo mzee. Jumapili nakuja, nitapanda gari la saa moja asubuhi.