Jamaa wa Kibokoni: gumzo la kabla ya harusi kuhusu picha, stetasi na majina yetu mtandaoni

Zuhura: Assalaam aleikum jamaa wote. Ami Salim, Mjomba Athumani na Khalati Rukia, shikamooni. Kwa kuwa harusi ya Maryam imekaribia, na kundi hili lina watu wa nyumba zetu zote hapa Mombasa kuanzia Kibokoni hadi Kisauni na Likoni, naomba tuzungumze mapema kuhusu picha. Hivi karibuni, nikitayarisha maombi ya kazi, nilitafuta jina langu kwenye Google na kwenye Facebook kama atakavyolitafuta mwajiri, nikaona kwamba mengi yanayotokea si niliyoyaweka mimi. Ipo albamu ya mwaka wa 2012 ya siku ya kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao ya kumpamba bibi harusi, ambayo mwenyewe aliiacha wazi kwa kila mtu, nami nimo humo bila mtandio, nikiwa msichana mdogo, na jina langu limeandikwa juu ya uso wangu. Nimejitahidi miaka yote kuchunga ninayoyaandika, kumbe sura yangu mtandaoni imejengwa na watu wanaonipenda.

Khalati Rukia: Marahaba mwanangu. Albamu hiyo naijua, na mwenyewe nitamwambia aiondoe kabla ya magharibi.

Mjomba Athumani: Waaleikum salaam. La harusi naliunga mkono, Zuhura, lakini msinifungie duka. Mimi nauza viungo na mabaibui, na stetasi ndiyo bango langu. Mteja wa Nyali huona bei ya iliki asubuhi na kufikia adhuhuri ameshaagiza.

Zuhura: Mjomba, biashara yako haina neno. Linalonitia wasiwasi ni kuwa duka na nyumba vinatumia nambari moja. Stetasi ya WhatsApp, usipobadilisha mipangilio, huonekana na kila uliyemhifadhi kwenye simu ikiwa naye amekuhifadhi, na simu yako ina wauzaji wa jumla, madereva wa tuktuk, mafundi wa mfereji na wateja ambao hujawahi kuonana nao. Hao wote huona bei ya iliki, kisha wakaona wajukuu wako wakiwa na sare zenye jina la shule, kisha wakaona mkoba wa safari na maneno ya kuwaaga mnaokwenda Umra, jambo linalomwambia kila mtu kwamba nyumba itakuwa tupu. Programu ya WhatsApp Business ipo tangu 2018. Itilie laini ya dukani. Katika laini ya nyumbani, ingia kwenye faragha ya stetasi, uchague mwenyewe watakaoiona, na mara nyingi watakuwa sisi tu.

Mjomba Athumani: Laini ya pili ninayo, nilipewa bure nikaitupa kwenye droo. Bakari atakuja kunifungulia.

Bakari: Nitakuja, Mjomba. Ila naomba tusifike mahali pa kuuona mtandao kama nyumba ya moto. Mimi najifunza kazi ya kamera, na wanaonipa kazi hunikuta Instagram kabla hawajanikuta Makadara. Nikijificha kabisa, nimejinyima riziki. Nilichokifanya ni kutenganisha: ukurasa wa kazi uko wazi na hauna mtu wa familia hata mmoja, na picha za zamani nimeziweka kwenye hifadhi ya Instagram, ambako mimi huziona na wengine hawazioni. Tena nimezima arifa zote isipokuwa za simu na za kundi hili, kwa sababu nilipotazama hesabu ambayo simu huiweka ya saa za kila programu, niliona kwamba muda niliokuwa nikiuita wa kazi, sehemu kubwa ulikuwa wa kutazama harusi za watu nisiowajua.

Khalati Rukia: Na mtu akifuta kitu, kimefutika kweli, au kimeondoka machoni pangu tu?

Idris: Khalati, hapo pana tofauti ambazo watu huzichanganya. Ukiizima akaunti ya Facebook kwa muda, kila kitu kinabaki kikikusubiri. Ukiomba ifutwe kabisa, unapewa siku 30 za kughairi, kisha kampuni hujipa muda, unaoweza kufika siku 90, wa kuondoa yaliyomo kwenye mitambo yake. Kama hutaki kufuta, kuna mahali katika mipangilio ambapo unaweza kuzifunga posti zako zote za zamani kwa mara moja, zikaonekana na marafiki peke yao. Lakini hakuna kati ya hatua hizi inayomfikia aliyekwisha kuipiga picha skrini yake. Stetasi hutoweka baada ya saa 24 kwenye simu yako. Kwenye simu ya aliyeinakili haina tarehe ya kufa.

Mwanaisha: Nipo na Bibi hapa Kuze, amesikiliza jumbe zote na ametuma sauti, ila wengi wenu mko kazini, kwa hiyo naiandika kama alivyosema: «Kupamba kulikuwa na mlango, na mlangoni alikaa mwanamke anayewajua watu. Mwanamume hapiti, hata akiwa ni mtoto wa nyumba aliyekwisha baleghe. Wanawake wakavua mabuibui, wakaimba, wakacheza, kwa sababu wanajua mlango una mtu. Aliyetoka nje aliweza kusimulia, na msimulizi anaweza kuambiwa amesema uongo. Sasa mlango mnaufunga, halafu mnaingia na simu mia mkononi. Mimi sitavua buibui langu katika harusi hiyo.»

Maryam: Bibi asipovua buibui na mimi sitoki nje kupambwa, hilo alijue.

Ami Salim: Waaleikum salaam wote, nilikuwa msikitini. Bibi amelitaja jambo lenyewe. Ninachotaka kujua ni kama sheria inatusaidia, maana nasikia kuna watu wametozwa faini kwa ajili ya picha. Idris, wewe unayekaa katika ofisi ya wakili, utueleze.

Idris: Ndiyo, Ami. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ndiyo iliyoleta Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mnamo Septemba 2023 Kamishna aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Lakini sheria hiyohiyo inaziacha nje shughuli ambazo ni za mtu binafsi au za nyumbani tu. Kwa hivyo Khalati fulani akiturushia picha humu kundini, si rahisi kumpeleka kwa Kamishna, na mimi naona ni sawa, kwa sababu sipendi dola iingie jikoni kwetu. Ila mpiga picha ni mfanyabiashara. Akimweka Maryam kwenye ukurasa wake ili apate wateja wengine, hapo anatumia sura ya mtu kwa biashara, na idhini anaihitaji. Tatizo ni kwamba idhini hiyo mara nyingi imeshafichwa ndani ya mkataba ambao bibi harusi hutia sahihi bila kuusoma, akiwa na hina mkononi.

Maryam: Mkataba uko kwangu na bado sijatia sahihi. Naupiga picha sasa hivi.

Bakari: Kwa upande wa kazi yetu, niseme ukweli: picha za kutolewa nje ndizo zinazoleta wateja wengi, ndiyo maana watu hawapendi kuliacha sharti hilo. Lakini mpiga picha mwanamke mwenye adabu atakubali apige vazi, hina, mapambo ya jukwaa na vito, bila uso, na atapata matangazo mazuri tu.

Ami Salim: Nimeusoma. Kifungu cha sita kinampa haki ya kutumia picha zote kwa matangazo bila kikomo cha muda, na hakisemi lolote kuhusu wageni, ambao wao hawakutia sahihi karatasi yoyote. Nimekikata kwa kalamu nyekundu. Idris, andika kingine kinachosema kwamba picha za ndani anakabidhiwa Maryam peke yake, kwamba nakala zinazobaki kwa mpiga picha zifutwe baada ya albamu kukabidhiwa, na kwamba ruhusa yoyote ya kutangaza itaombwa kwa maandishi, picha kwa picha. Maryam, malipo ya awali yangoje hadi akubali.

Khalati Rukia: Mlangoni nitakaa mimi na kapu. Kila simu itafungwa kwenye mfuko wenye jina la mwenyewe, na asiyetaka kuiacha atakunywa kahawa uani pamoja na wapishi. Mwenye mgonjwa nyumbani aniambie, nitaishika mimi simu yake na kumwita ikilia.

Zuhura: Nashukuru, Khalati. Pia kila mmoja wetu aende kwenye mipangilio ya Facebook, awashe ile sehemu ya kukagua picha anazotajwa kabla hazijatokea kwenye ukurasa wake. Haiizuii picha kuwepo kwa aliyeiweka, lakini haitatua kwako bila wewe kujua. Asiyeipata aniandikie kando, kundi lisijae.

Mjomba Athumani: Na masinia ya biriani je, nayo yana stara? Nilikuwa nimekusudia kuyaweka kwenye stetasi ya duka, maana viungo vyote vimetoka kwangu.

Khalati Rukia: Masinia ruhusa, kaka. Wapishi, hapana.