Kwadi 4x4: cc 1000 au cc 700? Wenye nazo njooni mtoe ushuhuda

TopeMagotini (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Mwaka wa nne huu naendesha pikipiki ya matairi manne ya cc 420. Imenitumikia bila kinyongo, ila sasa imezidiwa. Kazi zangu ni za msituni: navuta magogo kwa tela dogo, napeleka misumeno na mafuta kwa wenzangu, na siku ya mapumziko napenda kuzama topeni bila kuulizwa na mtu.

Nataka kupanda daraja na nimebaki na njia mbili. Kuna zile za lita moja zenye silinda mbili, yaani Can-Am Outlander 1000R, Polaris Sportsman XP 1000 na CFMoto CForce 1000. Hizo zinacheza kwenye nguvu za farasi 80 hivi hadi 100 hivi. Halafu kuna za silinda moja: Yamaha Grizzly ya cc 686 na Honda Rincon ya cc 675.

Vipeperushi nimeshavisoma vyote, na kila kimoja kinasema chake ndicho cha mwisho duniani. Nataka mwenye nayo aseme. Ombi moja tu: ukiwa na lalamiko, usitaje chapa. Uzi uliopita wa namna hii uligeuka uwanja wa mashabiki ukafungwa.

Naomba kuwasilisha.

SilindaMbili

Mkuu, chukua ya lita ulale usingizi. Yangu ina mwaka wa tatu. Ukigusa mafuta kwa kidole gumba inaitikia kabla hujamaliza kugusa. Kuna kilima ambacho ile ya zamani nilikuwa naianzia mbio kutoka mbali kama naruka kamba. Hii napanda nayo polepole huku naongea na mtu.

Watu wanadhani raha yake ni kasi. Hapana, raha ni nguvu ya chini. Inavuka kilomita 100 kwa saa, na wewe umekaa juu kama umepanda ng'ombe, huna mkanda wala paa. Mimi nimefika huko mara moja tu na sina hamu ya kurudi.

Mafuta inakunywa, sikufichi. Tangi ni lita 20 hivi, na siku ya tope zito linaisha kabla hamu haijaisha.

MamaKwadi

Kaka SilindaMbili, mbona umeruka uzito? Grizzly ikiwa na mafuta ni kilo 310 na kidogo. Hizo za lita nyingi zinaanzia kilo 350 kwenda 400, na hapo hujatia hata tone.

Mimi nina ya cc 700, mume wangu ana ya lita. Yangu ikinasa nashuka, naiyumbisha, natupia matawi chini ya tairi, natoka. Ya kwake ikinasa tunasubiri winchi, winchi nayo inasubiri mti, na mahali penye tope la maana mti haupo. Nimeshamvuta mara tano. Yeye anasema tatu.

FundiMkanda

Niingie kidogo, maana hizi mashine nazifungua kila wiki.

Wote mnaongelea injini. Injini hizi, za lita kwa za 700, ukizibadilishia oili kwa wakati zinadumu. Kinachokufa ni mkanda. Karibu zote zina gia otomatiki ya mkanda: puli moja upande wa injini, nyingine upande wa giaboksi, katikati mkanda wa mpira. Puli zikibana na kuachia ndiyo gia zenyewe zinabadilika. Mkanda unashika kwa msuguano, na ukiteleza, msuguano huo unageuka joto.

Sasa mtu anafunga tela la magogo, yuko kwenye H, gia ya mwendo wa kasi, anataka kutembea mwendo wa kinyonga. Puli ya mbele haibani vizuri kwenye mwendo huo, mkanda unateleza, unaiva. Na hapa ndipo farasi 90 zinapomgeuka mwenyewe, kwa sababu injini dhaifu ingezidiwa na kuzubaa, ila hii haizidiwi. Inaendelea kusukuma mpaka mkanda uungue.

Juzi nimeletewa moja ya lita. Mwenyewe anasema inagonga. Ukiipeleka taratibu unasikia du, du, du, kama inapita juu ya vijiti. Alikuwa ameshabadilisha bushi za mbele na bol jointi mbili, na bado inagonga. Nikafungua kava la mkanda. Ndani vumbi jeusi kama masizi ya chungu. Nikautoa mkanda nikaupitisha vidoleni taratibu, nikafika mahali pamoja, urefu wa kidole gumba tu, pameliwa pamekuwa pembamba. Kila pakipita kwenye puli, du.

Nikamuuliza ulinasa wapi? Akacheka. Tairi lilikwama kwenye kisiki, akabonyeza mafuta kwa hasira. Matairi hayazunguki, mkanda umesimama, puli inausaga palepale. Sekunde chache zinatosha kabisa.

Yamaha mfumo wao ni tofauti: mkanda umekazwa muda wote, na kazi ya kushika wakati wa kuondoka inafanywa na klachi inayokaa kwenye oili. Ndiyo maana mikanda yao naiona mara chache mezani kwangu. Rincon ndiyo haina mkanda kabisa, ina gia tatu za otomatiki na konveta ya oili kama gari. Lakini mleta mada, wewe wa magogo, ujue Rincon haina gia ya L, ile ya mwendo mdogo wenye nguvu, wala loki ya difu ya mbele, ile inayolazimisha matairi mawili ya mbele yazunguke pamoja. Kwa tela mlimani mimi ningeipita.

Ukichukua yenye mkanda, tela ni L. Mlima mkali ni L. Tope ni L. Ukisikia harufu ya mpira, acha mafuta hapohapo, zima, shuka, tafuta winchi.

SilindaMbili

Nimekusoma fundi. Kusema ukweli ile L mimi niliiona pambo.

FundiMkanda

Ndiyo maana sisi tunakula.

MzeeWaKeria

Vijana, shikamooni kwa kunielimisha hilo la mkanda, ingawa mimi ndiye wa kuamkiwa.

Nawauliza: kupanda mnakujua, kushuka je? Hapo ndipo mifumo ya 4x4 inapotofautiana, na muuzaji hakwambii. Polaris yao ni ya kujiingiza: matairi ya nyuma yakiteleza, ya mbele yanashika kazi yenyewe, yote mawili pamoja. Topeni ni raha tupu, huna haja ya kukumbuka kitufe. Ila mteremkoni matairi ya mbele yanazunguka huru, ukiachia mafuta injini inakaba mwendo wa ya nyuma peke yake, isipokuwa ukiwa na ile yenye kitufe cha ADC kinachokaba yote manne. Can-Am difu ya mbele inajifunga yenyewe tairi moja likianza kuzunguka peke yake. Yamaha unabonyeza mwenyewe: mbili, nne, au nne na loki ya difu, na ukiwa kwenye nne injini inakaba matairi yote. Mimi na magoti haya nashuka na hiyo ya mwisho.

Ila loki ukishaitia, usukani unakuwa mzito kama unageuza jahazi. Itie ukiwa umenyooka, itoe ukishapita. Usipite nayo kwenye lami.

Na kwa heshima zenu, mlimani ikizima katikati usijaribu kuigeuza. Shika breki, lalia mbele, shuka upande wa juu. Nilijaribu kugeuza mara moja, nikiwa na umri wa kujua zaidi. Ilinipita juu, ikanivunja mfupa wa bega, yenyewe ikasimama chini kwa matairi manne, taa zinawaka.

MamaKwadi

Pole sana mzee. Na shikamoo.

MzeeWaKeria

Marahaba mwanangu.

MchangaTupu

Naomba niwatetee wa lita. Mnaongelea tope na miamba. Njooni mchangani. Kwenye mchanga laini unaopanda, cc 700 inatafuta pumzi nusu ya njia, ukipunguza mwendo tu umezama. Huko farasi ni farasi. Mwenye silinda mbili anapita huku anapunga mkono. Kama mleta mada hana mchanga, basi sina la kuongeza.

KijanaWaBaraste

Samahani, naweza kupakia rafiki? Kiti ni kirefu.

FundiMkanda

Kiti ni kirefu ili wewe usogee mbele ukipanda na nyuma ukishuka. Ukimweka mtu hapo umejifunga. Kama lazima abiria awepo, ziko zilizotengenezwa kwa wawili, Outlander MAX kwa mfano, zenye chasi ndefu.

TopeMagotini

Wakuu, nashukuru, nimepata zaidi ya nilichoomba. Hapa kwangu mchanga hakuna, ni tope na visiki, tena visiki vingi kuliko miti. Swali la joto: hii ya sasa taa ya joto inawaka kila nikitoka topeni. Za lita hazitakuwa mbaya zaidi?

MamaKwadi

Mara nyingi si injini, ni radieta. Iko mbele chini, inakula tope la tairi la aliyekutangulia. Kwa nje unaona safi, ndani ya mapezi udongo umekauka kama tofali.

Mume wangu aliiosha yake kwa mashine ya maji ya presha, akiwa ameisogeza karibu kabisa. Mapezi yote yakalala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua ya mawe. Hewa haipiti tena, ikawa inachemka hata kwenye barabara kavu. Tulikaa wawili jioni nzima tunainua pezi moja moja kwa ncha ya bisibisi ya saa. Tumia mpira wa kawaida wa bustani, piga maji kutoka upande wa feni kwenda mbele, urudishe tope lilikotoka. Na usisubiri likauke.

Jambo jingine, upepo wa matairi. Mashine hizi nyingi zinataka PSI 5 hadi 7 tu, soma kibandiko cha yako. Geji ya gari haisomi vizuri huko chini, mshale unatikisika tu pale mwanzoni. Nunua geji ya upepo mdogo. Mimi nilidhani shokapu zangu zimekufa, kumbe nilikuwa nimejaza PSI 14.

SilindaMbili

Hilo la PSI limenigusa. Nakwenda kupima sasa hivi.

Nimerudi. Siwaambii.

TopeMagotini

Wiki moja baadaye. Nilienda kuona ya lita ya mkononi, saa chache tu za kazi kwenye mita. Imeoshwa inang'aa mpaka chini ya keria. Nikafanya kama alivyonielekeza FundiMkanda pembeni: mipira ya ekseli mizima, tairi la mbele nikaliinua nikalitikisa, halichezi, oili haijageuka maziwa. Nikaanza kutabasamu.

Kisha nikafungua boksi la filta ya hewa. Filta mpya kabisa. Nikapitisha kidole ndani ya bomba, upande wa injini, pale ambapo filta inatakiwa izuie kila kitu. Kidole kikatoka na udongo mwekundu mpaka kwenye kucha. Muuzaji akasema ni vumbi la gereji. Nikamshukuru nikaondoka.

Kesho naenda kuangalia Grizzly. Nimeshaamua, kwa visiki vyangu nataka mashine ninayoweza kuiyumbisha mwenyewe.

FundiMkanda

Nenda asubuhi na mapema, na mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, sogeza kiganja karibu na ekzosi. Ukikuta ina moto, ujue kuna kitu hataki ukisikie ikiwashwa baridi.