Mjadala: Chaneli ya maafa ni ya nani, na iongewe kwa lugha gani?

Mzee wa Zamu
Wakuu, habari za saa hizi. Nina hoja, naomba mnipinge kwa hoja. Kila yanapotokea maafa, iwe mafuriko, kivuko au soko kuungua, chaneli ya uokoaji inajaa sauti. Zimamoto wamo, polisi wamo, Msalaba Mwekundu wamo, vijana wa kujitolea wenye redio za mkononi wamo, wavuvi wamo. Kila mmoja ana jambo la maana na wote wanalisema kwa wakati mmoja. Msimamo wangu: chaneli iachiwe wenye mafunzo tu. Wengine wapeleke taarifa kwa mtu mmoja aliye nchi kavu, naye ndiye aongee.

Fundi Masafa
Mzee, nakuunga mkono, na sababu yangu ni ya mawimbi, si ya vyeo. Kwenye FM, mfumo wa redio zetu hizi, wawili wakibonyeza pamoja, mwenye nguvu anammeza mwenzake, na aliyemezwa hajui kama kamezwa. Msikilizaji anapata ujumbe mmoja msafi, anaamini kasikia kila kitu. Mwenye wati 25 anauliza bei ya mafuta, mwenye wati 5 anayeomba kamba hakuwahi kusikika.

Pili, kitufe. Redio ikikaliwa kwenye kiti, kitufe kikabaki chini, chaneli nzima imekufa. Huwezi hata kumwambia mwenyewe aachie, kwa sababu redio yake inatuma, haipokei. Dawa imo ndani ya redio hiyo hiyo: kikomo cha muda wa kutuma, kiweke sekunde 60. Watu wengi hawajawahi hata kuifungua mipangilio hiyo.

Tatu, betri. Zile saa zilizoandikwa kwenye boksi zimehesabiwa kwa mgawanyo wa 5-5-90: asilimia 5 unatuma, 5 unapokea, 90 kimya. Kutuma ndiko kunakokula betri. Kwa hizi soga za wavuvi na vijana wetu, betri ya kutwa nzima inaisha kabla ya adhuhuri.

Binti Ukara
"Soga za wavuvi." Sawa, kaka Fundi. Kivuko MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Bwisya kisiwani Ukara, nani walifika kwanza? Ndege ilipoingia ziwani pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na watu 43 ndani, 24 wakatoka hai, mitumbwi ya nani ilikuwa ya kwanza kuigusa? Wapiga soga hao hao. Leo unataka wanyamazishwe na mtu aliyekaa ofisini kwenye feni.

Fundi Masafa
Dada, sijasema hawaokoi. Nimesema wanapiga soga hewani. Hayo ni mambo mawili.

Binti Ukara
Umesema chaneli waachiwe "wenye mafunzo". Mvuvi hana cheti, kwa hiyo umemtoa. Usinirudishe nyuma.

Zamu ya Usiku
Niingie kati. Mafunzo peke yake hayajawahi kumlinda mtu. New York, Septemba 2001: ripita ya zimamoto, yaani mtambo wa kupokea na kurusha upya mawimbi, kwenye minara pacha ya World Trade Center ilikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilibonyezwa, cha pili hakikubonyezwa. Wakuu waliokuwa chini ya mnara wa kaskazini wakaijaribu, hawakusikia kitu, wakaamini mtambo umekufa, wakaiacha. Mtambo ulikuwa mzima na wenzao wa mnara wa kusini waliutumia. Wale walikuwa na mafunzo kutuzidi sisi sote hapa.

Mimi ninachokipinga ni lugha. Sikilizeni chaneli yoyote: "roja roja, kopi, ova endi auti". "Ova" maana yake nimemaliza, nangoja jibu lako. "Auti" maana yake nimefunga, sihitaji jibu. Huwezi kusema yote mawili. Kiingereza cha kujionyesha kinakula sekunde na mvuvi haelewi. Marekani wenyewe, baada ya kimbunga Katrina cha 2005, serikali kuu iliweka sharti: idara zinazosaidiana kwenye maafa ziongee lugha ya kawaida, ziache zile namba za mkato kama 10-4, la sivyo fedha za maandalizi hazitoki. Sababu ni kwamba namba ile ile ilikuwa na maana moja mji huu na nyingine mji wa jirani. Tuongee Kiswahili.

Bandarini Malindi
Sheikh, hiyo ya "kujionyesha" umeturushia jiwe watu wa bahari. Chaneli 16, masafa ya megahezi 156.8, ya wito na dharura baharini, inasikilizwa na meli ya Kifilipino, ya Kihindi na ya Kigiriki. Ukiwaambia "tunazama jamani" watakupita. Utaratibu wa Mayday, wito wa kuomba kuokolewa, upo na una mpango wake: Mayday mara tatu, jina la chombo mara tatu, halafu Mayday na jina mara moja, mahali ulipo, kilichokupata, msaada unaoutaka, idadi ya watu, lolote jingine la kusaidia, ova. Mahali panatajwa kabla ya shida kwa makusudi: redio ikikatika katikati, angalau wanajua pa kukutafuta. Wengi wanaanza na shida, "maji yanaingia, mashine imezima", na betri inafia hapo.

Chaneli 70 msiongee kabisa, ile ni ya mitambo kuitana kwa kitufe chekundu. Na jambo la haraka lisilohatarisha uhai papo hapo haliitwi Mayday, linaitwa Pan-Pan. Kiingereza hicho, au tuseme Kifaransa hicho, kinaokoa. Uwanja wa ndege wa Tenerife, kama mwaka 78 hivi, ndege mbili ziligongana kwa sababu ya maneno ya ovyo.

Fundi Masafa
27 Machi 1977, watu 583. Na kilichowaua hakikuwa maneno ya ovyo tu. Rubani wa KLM, ndege ya Uholanzi, alisema anaondoka, mnara wa kuongoza ndege ukajibu "OK", ukanyamaza kidogo, ndipo ukaongeza: subiri, nitakuita. Hapo hapo ndege ya pili ikabonyeza. Redio za ndege ni AM, wawili wakigongana unatoka mlio. Rubani wa KLM alisikia "OK" na mlio basi.

Zamu ya Usiku
Asante, Fundi, umenipa nilichokuwa nakitafuta. "OK" yao ndiyo "sawa" yetu. Ukimwambia mtu hewani "peleka boti upande wa mashariki", akajibu "sawa", amesema nini? Amesikia? Ameelewa? Anakwenda? Neno moja kwa mambo matatu. Kiingereza cha redio kina "roja" ya nimesikia na "wilko" ya nitatekeleza. Sisi tunayo "nimekupata" na "natekeleza", wazi kabisa, ila hatuyatenganishi. "Sawa" ipigwe marufuku hewani.

"Ndiyo" nayo haijapona. Uliza: "Hawajavuka?" Mswahili anajibu "Ndiyo", maana yake ndiyo, hawajavuka. Aliyezoea Kiingereza anaandika kwenye daftari: wamevuka. Swali la kukanusha lisiulizwe kwenye redio. Uliza: "Wako ng'ambo gani?"

Fundi Masafa
Sasa subirini, kuna kubwa kuliko hilo na sijaona likifundishwa. Ukibonyeza kitufe, redio haitumi sauti papo hapo. Mtambo wake unaamka kwanza, ripita inasubiri kuitambua toni yake ya kufungulia, ndipo njia inafunguka. Ni kama robo sekunde mpaka nusu, na ukiongea wakati huo silabi ya kwanza inapotea. Kwa Kiingereza mara nyingi inapotea silabi tu. Kwa Kiswahili kinachopotea ni ukanushi, maana sisi tunakanusha mwanzoni mwa neno.

"Hakuna watu ndani" inafika "kuna watu ndani". "Hatuna majeruhi" inafika "tuna majeruhi". "Hawapo" inafika "wapo". Sentensi iliyofika haina kasoro hata moja, hakuna atakayeshtuka. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo uongee. Na neno la kwanza liwe jina la unayemwita, ili kama ni kuliwa, liliwe hilo. Au kwepa ukanushi kabisa: "nyumba tupu", "majeruhi sifuri".

Binti Ukara
Hapo nakupa heko bila kinyongo, kaka. Na hilo mvuvi anafundishika kwa dakika kumi, cheti cha nini? Ongeza na namba. "Sita" na "tisa" ni irabu zile zile, sauti zimebadilishana nafasi tu. Kwenye upepo na mashine ya boti hazitofautiani. "Nane" ikikatwa kichwa inabaki "ne", yaani nne. Wazungu walishaliona hili kwao, ndiyo maana rubani anasema "naina" kwa tisa. Sisi hatuhitaji kubuni neno, tunalo: KENDA. Neno letu la asili kabla ya tisa ya Kiarabu. Sita iwe sita, tisa iwe kenda, kwisha.

Mpemba wa Mkoani
Dada yangu, "kwisha" unaisema wewe. Huku visiwani "kenda" ni "amekwenda". "Nahodha kenda", yaani nahodha ameondoka. Ukinambia hewani "watu kenda" mimi nasikia watu wameondoka, narudisha boti. Bara mnatunga mambo, kisha mnatuletea sisi tuje tufe nayo.

Binti Ukara
Aliyesema bara nani? Kenda imo kwenye methali zenu wenyewe, "kenda karibu na kumi".

Mpemba wa Mkoani
Methali haitafuti maiti usiku. Na watu "wameondoka" ni "wenda" au "wamekwenda", nakubali, hapo nimekosea kwa hasira. Lakini "nahodha kenda" ni sahihi na utaisikia kila siku gatini.

Zamu ya Usiku
Namba ya watu isisemwe ndani ya sentensi hata siku moja. Itangulizwe na neno "tarakimu", isomwe moja moja, irudiwe. "Idadi ya watu, tarakimu moja kenda. Narudia, moja kenda." Hapo nani atasikia "ameondoka"?

Bandarini Malindi
Mpemba kasema kweli na dada kasema kweli. Kanuni za kimataifa za bahari zenyewe zina maneno ya tarakimu yaliyounganishwa lugha mbili mbili: 6 ni "soxisix", 9 ni "novenine". Hayo hayafanani na "amekwenda" popote duniani.

Mpemba wa Mkoani
Na mvuvi wa Makoongwe atakwambia "novenaini"? Kama mnarudi kwenye Kibantu, basi rudini kwenye sita: iitwe tandatu, tisa ibaki. Tandatu ina silabi tatu, ikikatwa kichwa inabaki "ndatu", haifanani na kitu.

Fundi Masafa
"Ndatu" kwenye kelele inafanana na "tatu", ndugu yangu.

Mpemba wa Mkoani
Basi.

Mzee wa Zamu
Wakuu, mada ilikuwa chaneli ni ya nani. Tupo kwenye kuhesabu.

Zamu ya Usiku
Mzee, ndiyo mada yenyewe. Na kabla hatujatoka kwenye kuhesabu: saa. Mvuvi akisema "waliondoka saa tatu", kwenye daftari iandikwe 0900 au 0300? Kwetu saa tatu asubuhi ni 0900. Kikosi kinachosaidia kutoka nje kinaandika 0300. Saa sita za mkondo na upepo zinatosha kupeleka msako mahali ambapo hakuna mtu. Msiwalazimishe watu kugeuza saa vichwani wakiwa wamechanganyikiwa, watakosea. Aseme saa yake ya Kiswahili na aongeze "asubuhi" au "usiku", anayeandika ndiye ageuze, kisha amsomee: "Nimeandika sifuri tisa sifuri sifuri, jua limetoka. Kweli?"

Binti Ukara
"Jua limetoka" ni nzuri. Hilo nalichukua.

Fundi Masafa
Nirudi kwa Mzee kidogo. Nilisema waondolewe, nalegeza. Redio ya mkononi ikiwa mita 2 juu ya maji haifiki mbali: mkono kwa mkono ni kama kilomita 11 au 12, hapo hali ikiwa njema. Weka antena moja ya mita 30 nchi kavu, mvuvi yule yule anasikika kama kilomita 28. Huyo wa nchi kavu ndiye aiongoze chaneli: yeye anaita kwa jina, anayeitwa anajibu, wengine kimya mpaka aseme "nani ana la dharura?" Mvuvi abaki na redio yake, lakini asibonyeze mpaka aitwe, isipokuwa anaona mtu majini. Na asichanganye chaneli za upana wa kilohezi 25 na 12.5, sauti itafika imefifia au inakwaruza na watamlaumu yeye.

Mzee wa Zamu
Hapo tunakaribiana. Lakini huyo wa nchi kavu ni nani? Zimamoto? Polisi? Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo?

Binti Ukara
Anayejua majina ya boti na sauti za wenyewe. Mvuvi akiita akiwa na hofu hasemi jina lake, sauti ndiyo jina.

Bandarini Malindi
Sauti si jina, dada. Sauti ikiwa na hofu hata mama mzazi haitambui. Jina la chombo, kila mara, mwanzo.

Binti Ukara
Boti tatu pale Bugorora zinaitwa "Mungu ni Mwema".

Bandarini Malindi
Basi zipakwe namba ubavuni, kubwa, pande zote mbili, na namba hiyo ndiyo iitwe.

Mpemba wa Mkoani
Na ya tisa tutaiitaje?