Waya moto ndani ya plazima: kwa nini volteji inagoma kabla ya kufika?

kitanzi_01
Wakuu, naomba msaada. Napima volteji ya plazima (gesi iliyovunjika kuwa elektroni na ioni) ya agoni, joto la elektroni takriban 3 eV (sawa na volti 3), kwa kitanzi cha waya wa tangisteni yenye thoriamu, unene mm 0.1. Ukiwa baridi unaelea (unatulia bila kupitisha mkondo) kwenye +6 V. Nikiupasha unapanda hadi +17 V, halafu unaganda hapo hata nikizidisha mkondo. Kipimo kingine kinaonyesha plazima iko +20 V. Volti 3 zimekwenda wapi?

ala_ya_ioni
Waya hauna kosa, mkuu. Elektroni zina kasi kuliko ioni, hivyo uso baridi hujaa chaji hasi mpaka uzifukuze karibu zote. Kwa agoni pengo kati ya volteji ya uso huo na ya plazima ni kama mara 4.7 ya joto la elektroni: kwako volti 14, ndiyo maana unasoma +6.

Waya ukipata moto na kutema elektroni, pengo hupungua. Ila zinazotoka ni za polepole. Hurundikana mbele ya waya, na rundo likikolea huzirudisha nyingine kwenye chuma. Wanafizikia Hobbs na Wesson walionyesha mwaka 1967 kwamba hapo pengo hukwama karibu na joto la elektroni lenyewe, yaani volti 3 zako. Kuzidisha moto ni kuumaliza waya bure.

Afadhali upashe kidogo tu, mkondo unaotemwa usizidi ule wa elektroni unaokusanywa. Chora mkondo dhidi ya volteji, tafuta mahali mteremko ulipo mkali kuliko kote, rudia kwa viwango vitatu au vinne vya moto, kisha chora volteji za mahali hapo dhidi ya utemaji na refusha mstari hadi utemaji sifuri. Hapo ndipo ilipo volteji ya plazima.

kitanzi_01
Nimeelewa. Napasha kwa DC (mkondo wa mwelekeo mmoja), kuna shida?

ombwe_safi
Ipo. Ncha moja ya waya inaweza kuizidi nyingine kwa volti 2 au 3, na hilo linapotosha mchoro wote. Pasha kwa nusu-wimbi (mkondo unaowaka na kuzima kwa zamu), usome wakati mkondo umezima. Ukibaki na DC, unganisha rezista mbili sawa kati ya ncha, usome katikati yake.

Chunga pia oksijeni na ioni zenye nguvu: zinaharibu tabaka la thoriamu. Likiisha unabaki na tangisteni tupu, ambayo kwenye 2000 K hutema pungufu zaidi ya mara elfu.