Naomba ushauri: gemu yangu ya karata, tukicheza wawili tu inaboa

Wakuu habari zenu, natengeneza gemu ya karata ya mezani, kila mtu anapewa karata 7 anachagua moja anailaza kifudifudi, zilizobaki anampa wa kushoto kwake, tunafunua wote pamoja halafu tunaendelea hivyo hivyo, raundi ya pili zinageuka kwenda kulia kama ile gemu ya mezani ya 7 Wonders ya 2010.

Tukiwa wanne au watano iko poa sana maana hujui fungu likikurudia litakuwa limebaki na nini. Shida ni wawili. Fungu nililotoa linanirudia fasta, karata zote zinajulikana, inabaki hesabu tupu. Nimewaza kila zamu uchukue moja utupe moja, ila hapo karata 7 zinaisha kwa zamu 4 tu na watu wanacheza kwa roho mbaya 😂. Au niweke rundo katikati, uvute moja kabla hujachagua? Hii naipenda zaidi ila naogopa bahati izidi akili.

Halafu kuna karata moja kila anayeiona anaibeba bila hata kufikiria. Niiongezee gharama au iwe na pointi ukiwa nazo mbili tu? Mliowahi kutengeneza mlifanyaje?