Filamu za kauboi zimetulisha uongo kuhusu Tombstone na bado mnazitetea humu

Wakuu, moderata asiuunganishe uzi huu na ule wa filamu bora za zamani. Hapa sikuja kusifia.

Kila tukijadili Marekani na bunduki zake lazima atokee mtu: "Mbona kule Magharibi ya kale kila mwanaume alitembea na bastola kiunoni?" Nani kakwambia? Steringi?

Haya, twende Tombstone, Arizona, 26 Oktoba 1881, yale mapigano ya risasi ya O.K. Corral (zizi la farasi) mnayoyaabudu. Mji ule ulikuwa na sheria ndogo inayokataza kubeba silaha mitaani. Mgeni akiingia, bastola anaikabidhi. Akina Clanton na McLaury, makauboi wa pembezoni mwa mji, wakaonekana mjini na silaha, basi mkuu wa polisi Virgil Earp (Virgil, siyo Wyatt mnayemwona shujaa kwenye filamu!) akaenda kuwanyang'anya, akiwa na wadogo zake Wyatt na Morgan pamoja na rafiki yao mcheza kamari, Doc Holliday. Uhasama wa pande mbili hizo ulikuwepo kitambo, sikatai. Ila walifuatwa siku ile kwa sababu ya sheria ya silaha, kitu ambacho filamu nyingi zinakipita kama hazikioni.

Sekunde kama 30, kwisha. Billy Clanton, Tom na Frank McLaury chini. Na wala si ndani ya zizi, ni kwenye kiwanja chembamba pembeni ya studio ya picha ya Fly. Ike Clanton, aliyeshinda akitoa vitisho, alitimua mbio. Halafu ikaja kesi! Wyatt na Holliday waliwekwa ndani, Jaji Wells Spicer akasikiliza mashahidi karibu mwezi mzima ndipo akawaachia. Hapo pana filamu nzima ya mahakamani, lakini wapi, sisi tunapewa farasi anaondoka na jua linazama.

Kinachoniudhi zaidi ni filamu ya mapigano hayo, My Darling Clementine, ya mwongozaji John Ford, 1946. Huyu bwana alidai Wyatt mwenyewe ndiye aliyemsimulia ilivyokuwa. Sasa tazama alichofanya. Doc Holliday kageuzwa daktari wa upasuaji, tena anauawa kwenye mapigano. Wakati Doc alikuwa daktari wa meno, akafa kitandani kwa TB huko Colorado mwaka 1887! Mzee Clanton, baba yao Ike na Billy, yumo anafyatua risasi, ilhali aliuawa Agosti 1881, miezi miwili kabla. James Earp, ndugu yao mwingine, kafanywa kitinda mimba anayeuawa mwanzoni. James ndiye aliyekuwa mkubwa kwa Virgil na Wyatt wote, na aliishi hadi 1926. Hata mandhari: ile miamba mirefu ni Monument Valley, ardhi ya Wanavajo, kaskazini kabisa mpakani na Utah. Tombstone iko kusini, jirani na Meksiko.

Najua kuna wa "ni burudani tu mkuu, punguza jazba". Sawa, burudikeni. Ila burudani ikishaletwa kwenye mjadala wa sheria kama kielelezo, nitaihoji kama kielelezo.

Anayebisha aje na tarehe. Majina ya masteringi abaki nayo. Nawasilisha.